Mswada Umefika Plateau: Mwongozo kwa Mhakiki Mgeni wa Jarida la Tiba

Barua pepe yenyewe huwa fupi. Mhariri wa jarida la tiba anakusalimu kwa cheo chako, anataja kichwa cha mswada, anaambatisha ikisiri na kukuomba uupitie ndani ya wiki tatu. Chini kuna viungo viwili: kubali, kataa. Uko Plateau, karibu na Eldoret, zamu ya usiku ndiyo kwanza imekwisha, na wazo la kwanza linalokujia ni kwamba wamekosea mtu. Kwani kazi hii si ya maprofesa wa Chuo Kikuu cha Moi pale mjini Eldoret, au wa Nairobi, au wa ng'ambo?

Hawajakosea. Pengine jina lako lilionekana kwenye makala iliyotokana na tasnifu yako ya uzamili, au msimamizi wako wa zamani alikutaja. Vyovyote iwavyo, mhariri ana maprofesa wa kutosha kwenye orodha yake, na wengi wao hawajibu barua. Anayemkosa ni mtu anayejua namba za afya za eneo hili zinavyozaliwa: nani anajaza rejista ya wodi ya wazazi, anaijaza saa ngapi, na safu ipi huachwa wazi wodi ikifurika. Huo ndio mtaji wako kama mhakiki. Mengine, takwimu zikiwamo, yanafundishika.

Ripoti utaiandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya majarida haya. Mifano ya maneno nimeiweka hapa kwa Kiswahili ili uione hoja yenyewe.

Kabla ya kukubali

Hakikisha kwanza kwamba jarida ni jarida. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali ya kutibu saratani. Aliijaza makosa ambayo mhakiki makini angeyaona mara moja, akaipa waandishi wasiokuwapo duniani (mmoja wao alidaiwa kuwa wa taasisi ya tiba mjini Asmara), kisha akaituma kwa majarida 304 ya mtandaoni yanayotoza waandishi ada. Majarida 157 yaliikubali. Majarida ya namna hiyo hutafuta wahakiki pia, kwa sababu jina lako huwapa heshima wasiyokuwa nayo. Watakuita profesa mashuhuri hali wewe ni tabibu wa kaunti, watakupa saa 48, na mada yenyewe itakuwa ya udongo au ya saruji. Linganisha na majarida unayoyasikia kila siku: East African Medical Journal, linalotoka kwa jina hilo tangu 1932, African Health Sciences la Makerere, Annals of African Surgery la chama cha madaktari wa upasuaji wa Kenya, Tanzania Journal of Health Research. Wahariri wake wametajwa kwa majina na vyuo vyao, na hapo Eldoret hutakosa mtu anayemfahamu mmoja wao.

Kisha jiulize kama unafaa. Eldoret ni mji mdogo kwa watu wa afya. Mswada unaotoka Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi unaweza kabisa kuwa wa mwalimu wako, wa mwenzako wa darasa, au wa mtu mnayegombea naye ufadhili uleule. Hilo peke yake halikuzuii. Kulificha ndiko kunakoharibu. Mwandikie mhariri sentensi moja: "Mwandishi wa tatu alinisimamia tasnifu yangu, naamini naweza kutenda haki, lakini uamuzi ni wako." Ila kama mmefanya utafiti pamoja katika miaka ya karibuni, kama mna undugu, au kama mlikosana, kataa. Fomu nyingi huuliza kuhusu pesa na hisa. Hazikuulizi kuhusu ugomvi wa mwaka juzi kwenye mkutano wa idara, nao unaweza kuipinda kalamu kuliko hisa.

Halafu kuna muda. Mswada ukipitiwa sawasawa hula saa nne hadi sita, na mara ya kwanza utazidisha. Kama huna saa hizo, kataa siku hiyohiyo na utaje mtu mwingine anayefaa. Mhariri hachukii kuambiwa hapana. Anachochukia ni kimya cha mwezi mzima, huku upande wa pili kuna mwanafunzi asiyeweza kuhitimu mpaka makala yake ikubaliwe.

Ukikubali, umepewa amana. Usiuchape mswada kwenye karatasi ukauacha kwenye meza ya chumba cha zamu, usiutume kwenye kundi la WhatsApp la idara, wala usiubandike kwenye programu ya akili mnemba ili ikufupishie. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, imeliweka hili wazi katika mapendekezo yake tangu 2023: mhakiki asiupakie mswada mahali ambapo usiri hauwezi kuhakikishwa. Ukitaka kumshirikisha daktari kijana ili ajifunze, jambo ambalo ni jema sana, mwombe mhariri ruhusa kwanza, na jina la kijana huyo litajwe.

Anza na majedwali

Wengi husoma kwa mpangilio: ikisiri, utangulizi, mbinu, wakifika kwenye majedwali wameshachoka, na ubaya zaidi, wameshaamini. Nakushauri usome ikisiri mara moja, kisha uruke moja kwa moja hadi kwenye majedwali ukiwa na penseli na kikokotoo.

Tuchukue mswada wa kutunga. Wajawazito 384 kutoka vituo sita vya afya vya kaunti yetu ya Uasin Gishu wamepimwa himoglobini, na 81 kati yao, yaani asilimia 21, wamekutwa na upungufu wa damu.

Hiyo 384 utaizoea. Kila mwanafunzi wa uzamili Afrika Mashariki anaijua kama namba yake ya simu. Inatokana na hesabu ya kukadiria asilimia moja katika jamii kubwa: unadhania kiwango ni asilimia 50, unaruhusu kosa la asilimia 5 kila upande, unataka uhakika wa asilimia 95. Kwa kazi hiyo inatosha. Lakini mwandishi akianza kulinganisha makundi, au akiwachukua wanawake kutoka vituo sita badala ya kuwateua mmojammoja katika kaunti nzima, 384 haisimami tena. Wanawake wa kituo kimoja hufanana. Hununua chakula soko moja na hupewa vidonge kutoka stoo moja. Muulize mwandishi namba hiyo ilipatikanaje na kama alizingatia kwamba sampuli yake imetoka kwenye mafungu. Usimkejeli, hata kama ni mara ya kumi unaikuta.

Sasa jumlisha. Jedwali la kwanza linagawa wanawake kwa umri: 112, 173 na 89. Jumla ni 374. Kumi wamekwenda wapi? Huenda umri wao haukuandikwa, na hilo si kosa kubwa, lakini lazima lisemwe. Kama katika jedwali la tatu wamerudi na kuwa 384, basi una swali zito zaidi. Nimeona miswada mingi yenye takwimu za kutisha ambayo tatizo lake lilipatikana kwa kujumlisha tu.

Jedwali la nne lina modeli ya takwimu yenye vigezo 14: umri, elimu, idadi ya watoto, umbali wa kliniki na kadhalika. Wenye upungufu wa damu ni 81 tu. Kanuni ya kukadiria inayotumika sana hutaka walau matukio kumi kwa kila kigezo, kwa hiyo 81 yanabeba vigezo vinane hivi. Kanuni hiyo si sheria, na mtakwimu anaweza kuitetea 14 kwa hoja nyingine, lakini swali ni halali. Kama hapa ndipo ujuzi wako unapoishia, mwambie mhariri waziwazi: "Sehemu hii ipitiwe na mtakwimu." Ataheshimu zaidi sentensi hiyo kuliko aya ya kubahatisha.

Katika jedwali hilohilo, waliokunywa vidonge vya madini ya chuma wanaonekana kuwa na upungufu wa damu zaidi kuliko wasiokunywa, na mwandishi anahitimisha kwamba vidonge havisaidii. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito akisoma hapo anatabasamu. Mama aliyekutwa na damu kidogo ndiye anayesisitiziwa vidonge na kuulizwa kila akirudi kama anavinywa. Ugonjwa ndio ulioleta vidonge. Andika hivyo, kwa sentensi mbili, na umwombe mwandishi aonyeshe kipi kilitangulia.

Unachokijua wewe

Hapa ndipo mtu wa Plateau anapowazidi wengi.

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Kaptagat unazidi kupanda. Mwili wa mtu anayeishi huku hutengeneza himoglobini zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limeelekeza kwamba, kwa wakazi wa mita 2,000, uondoe gramu 0.8 kwa desilita kabla ya kulinganisha na mpaka wa gramu 11 unaotumika kwa wajawazito. Mwongozo wake wa 2024 umeyaongeza marekebisho hayo. Rudi kwenye mswada wetu. Mwanamke mwenye 11.4 amehesabiwa mzima. Ondoa 0.8, anabaki na 10.6, na ana upungufu wa damu. Basi ile asilimia 21 iliyo kwenye kichwa cha habari, kwenye ikisiri na kwenye mapendekezo kwa serikali ya kaunti huenda ni ndogo kuliko hali halisi. Mhakiki wa Rotterdam anaweza kulipita hilo bila kulitazama mara mbili. Vilevile kwa oksijeni ya mtoto mwenye nimonia: asilimia 92 iliyopimwa Mombasa na 92 iliyopimwa Plateau hazina uzito mmoja.

Kisha kalenda. Madaktari wa hospitali za umma Kenya waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi katikati ya Machi 2017. Wauguzi wakafuata, Juni hadi Novemba 2017. Mswada ukikuambia kwamba akina mama waliojifungua katika hospitali fulani ya misheni waliongezeka ghafla mwaka 2017 baada ya mafunzo ya wafanyakazi, usianze na thamani ya p. Uliza habari za mgomo, maana wagonjwa ambao kwa kawaida wangekwenda hospitali za serikali walitafuta pa kwenda. Hivyohivyo kwa mradi unaojisifia ongezeko la uzazi hospitalini kati ya 2012 na 2014: ada ya kujifungulia katika vituo vya umma iliondolewa nchi nzima Juni 2013. Mradi unaweza kuwa ulisaidia, lakini mwandishi anatakiwa atenganishe mchango wake na ule wa tangazo la serikali, au akiri kwamba hawezi.

Halafu rejista yenyewe. Miswada mingi kutoka kwetu hutegemea rekodi zilizokwisha kuandikwa: rejista ya wazazi MOH 333, ripoti za mwezi, mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya wa DHIS2 ambao Kenya ilianza kuutumia 2011. Wewe umezijaza. Unajua kwamba safu ya "matatizo wakati wa kujifungua" ikiachwa wazi haimaanishi hapakuwa na tatizo. Inaweza kumaanisha muuguzi alikuwa peke yake na akina mama watano. Mwandishi aliyezigeuza nafasi hizo zote kuwa "hapana" amezalisha hospitali isiyo na wagonjwa wa kutoka damu. Muulize alifanya nini na nafasi tupu, ni ngapi, na kama alilinganisha walau sehemu ya rejista na mafaili ya wagonjwa.

Asikwambie mtu kwamba haya ni mambo madogo ya nyumbani. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kutumia rekodi za wagonjwa 96,032 wa Covid kutoka hospitali 671 za mabara sita, rekodi zilizokusanywa na kampuni ya Marekani iitwayo Surgisphere. Makala hiyo ilisema hydroxychloroquine inahusiana na vifo zaidi. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya dawa hiyo katika majaribio yake. Wanasayansi walioandika barua ya wazi kuhoji makala hiyo walitaja, pamoja na mengine, takwimu za Afrika: ilikuwa kama kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa Covid barani wakati huo walikuwa katika hospitali za Surgisphere, zenye rekodi za kompyuta za kina kwa kila mgonjwa. Juni 4 makala ikafutwa, baada ya waandishi wasio wa kampuni hiyo kushindwa kupata data ili zikaguliwe.

Fikiria kama mswada ule ungepitia mikononi mwa mtu wa pande zetu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye barabara ya Kapsabet, kilianza kutumia rekodi za wagonjwa za kompyuta, miongoni mwa mifumo ya mwanzo kabisa ya aina hiyo Afrika kusini mwa Sahara. Kazi hiyo iliwasaidia watu wa AMPATH, ushirikiano wa afya wenye makao Eldoret, na washirika wao kujenga programu ya rekodi za wagonjwa ya OpenMRS, inayotumika sasa katika nchi nyingi. Anayejua ilivyochukua miaka, fedha na umeme wa kubahatisha kuifanya kliniki moja iandike kila mgonjwa kwenye kompyuta, angeuliza papo hapo: hospitali gani hizo, na nani aliwaruhusu?

Ruhusa, siri na hitimisho

Swali la ruhusa halihitaji utaalamu mwingi. Mswada utaje kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti (kwa Eldoret mara nyingi ni IREC, ya hospitali ya rufaa na Chuo Kikuu cha Moi), namba ya idhini na, inapohitajika, leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Kagua tarehe. Data zikiwa zimeanza kukusanywa Machi na idhini imetolewa Juni, mwarifu mhariri katika sehemu ya siri, si katika maoni kwa mwandishi. Inaweza kuwa kosa la kuandika, na inaweza kuwa kubwa zaidi. Tazama pia majina ya waandishi. Utafiti uliofanywa Uasin Gishu, kwa damu na rejista za Uasin Gishu, bila mwandishi hata mmoja wa Kenya, unastahili kuulizwa ulivyofanyika.

Taarifa za mgonjwa mmoja zinataka jicho la pekee huku kwetu. Andika "mwanariadha wa kike mwenye miaka 24, mshindi wa mbio za Ulaya, anayefanya mazoezi Kaptagat" halafu uondoe jina lake: umeondoa nini? Kila mwenye duka kati ya Plateau na Eldoret atamtaja kabla hujamaliza aya. Pendekeza umri uwe wa miaka ya ishirini, mahali pawe "nyanda za juu za magharibi", ushindi uondolewe kabisa, na ridhaa ya maandishi ithibitishwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iko upande wako.

Mwisho wa kusoma, linganisha hitimisho na data. Wenye umri mkubwa wanaikumbuka Kemron. Mwaka 1990 Kenya iliitangazia dunia kwamba intaferoni ya kutumia mdomoni kwa kiasi kidogo, iliyochunguzwa katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilikuwa ikiwapa nafuu watu wenye virusi vya UKIMWI, na ikaripotiwa kwamba wengine vipimo vyao vilirudi kuwa hasi. Ripoti za awali zilichapishwa majaridani. Katika ile iliyovuma zaidi wagonjwa walikuwa dazeni chache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Majaribio yaliyofuata, likiwamo la Uganda lililowagawa wagonjwa kwa nasibu na kuwapa nusu yao kidonge kisicho na dawa, hayakuona manufaa. Kufikia hapo watu walikuwa wameshahangaika kuitafuta dawa hiyo. Kwa hiyo "dawa inafaa" ikiegemea wagonjwa 40 wasio na wa kuwalinganisha nao, kazi yako ni kumwomba mwandishi aandike walichoona na si zaidi.

Kuandika ripoti

Gawa mara mbili. Sehemu ya kwanza ni ya mhariri peke yake: pendekezo lako, mashaka ya maadili, mipaka ya ujuzi wako. Ya pili ataisoma mwandishi, na humo usiandike "ukubaliwe" wala "ukataliwe", maana mhakiki wa pili anaweza kusema kinyume na mhariri akabaki na kesi ya kusuluhisha.

Anza maoni ya mwandishi kwa sentensi tatu au nne zinazoeleza, kwa maneno yako, utafiti umefanya nini. Hiyo si adabu tu. Mwandishi akiona umemwelewa vibaya, atajua mara moja kwamba hakujieleza. Kisha hoja kubwa, zenye namba, kisha ndogo. Kila hoja itaje ukurasa au jedwali. Angalia tofauti.

Ya ovyo: "Mbinu ni dhaifu na Kiingereza kibovu. Waandishi wasome zaidi."

Ya kufaa: "2. Jedwali la 2: kiwango cha himoglobini cha gramu 11 kimetumika bila kurekebisha mwinuko. Vituo vyote sita viko juu ya mita 2,000. Tafadhali rudieni hesabu kwa marekebisho ya WHO, mwonyeshe matokeo yote mawili, na mbadilishe ikisiri kama asilimia itapanda."

Ya kwanza humvunja mtu moyo na haimpi la kufanya. Ya pili anaweza kuifanyia kazi kesho asubuhi. Kuhusu Kiingereza, sema mara moja tu kwamba mswada unahitaji mhariri wa lugha, usiende ukisahihisha kila sentensi. Hiyo si kazi uliyoombwa. Usidai pia makala zako tano ziongezwe kwenye marejeleo. Wahariri huliona hilo, na hulikumbuka.

Usitarajie kuona kila kosa. Mwaka 1998 Fiona Godlee na wenzake wa jarida la BMJ walieleza jaribio ambamo waliingiza kasoro nane katika makala na kuituma kwa wahakiki 420. Waliorudisha ripoti waligundua, kwa wastani, kasoro mbili. Asilimia 16 hawakuona hata moja. Hao walikuwa wahakiki wa kawaida wa jarida kubwa. Ndiyo sababu mhariri hutafuta wahakiki wawili au watatu wenye macho tofauti, na ndiyo sababu inafaa useme ulichokagua na ambacho hukukigusa.

Ukiitwa upande wa pili wa meza

Mhakiki anayerudisha ripoti nzuri kwa wakati hatimaye huombwa kuwa mhariri msaidizi, kwa kawaida bila malipo. Kazi inabadilika. Sehemu kubwa ni kuamua mapema: mswada usiofaa kabisa urudishwe ndani ya wiki moja, kwa barua yenye sababu, mwandishi aupeleke kwingine. Kumweka miezi sita ili umwambie jambo uliloliona siku ya kwanza ni dhuluma.

Kutafuta wahakiki ndiko kunakochosha. Unaweza kuandika barua nane ukapata wawili. Changanya: mmoja wa mada, mmoja wa takwimu, na mmoja anayefanya kazi mahali data zilikotoka, hata kama ni muuguzi mkuu wa kituo na hana shahada ya uzamivu. Programu ya kupima kufanana kwa maandishi ikikupa asilimia 30, fungua uone ni wapi. Maelezo ya kimaabara yanayofanana hayana neno. Majadiliano yaliyonakiliwa ni jambo jingine. Na ripoti mbili zikipingana, soma mswada mwenyewe na uamue. Mhariri anayebandika ripoti mbili zinazokinzana na kumwandikia mwandishi "tafadhali zingatia maoni yote" amemtwika mzigo wake.

Raundi ya pili

Mswada utarudi baada ya miezi miwili mitatu, pamoja na barua ya waandishi wakijibu hoja moja baada ya nyingine. Soma barua hiyo sambamba na ripoti yako ya zamani. Angalia kama walichosema wamebadilisha kimebadilishwa kweli kwenye majedwali na kwenye ikisiri pia, kwa sababu ikisiri husahaulika mara nyingi. Usilete hoja kubwa mpya uliyopaswa kuiona mara ya kwanza, isipokuwa inagusa usalama wa wagonjwa. Mwandishi akikataa pendekezo lako kwa sababu inayoeleweka, mkubalie. Makala ni yake. Ukiridhika, mwandikie mhariri aya moja tu. Kisha futa nakala ya mswada kwenye kompyuta na kwenye simu.

Na kama barua pepe ya namna hii haijawahi kukufikia, usiingoje. Chagua jarida moja unalolisoma, tafuta anwani ya mhariri wake, umwandikie sentensi nne: wewe ni nani, unafanya kazi gani na wapi, umeandika au umesoma nini kwa kina, na miswada mingapi unaweza kupitia kwa mwaka. Miwili inatosha kuanzia. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili, si kumi na mbili, na utaje rejista unazozijua kwa namba zake.